Mapitio ya kozi ya MBSR: mwili unasikia kweli, ila kuna upande mzima kozi haiugusi

Kozi ya MBSR ya wiki 8 nimeimaliza, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu maoni mengi niliyosoma kabla ya kujiandikisha yalikuwa ya aina mbili tu, ya wanaosema imewabadilishia maisha yote kuanzia usingizi mpaka mifupa, na ya wanaosema ni kufumba macho na kupoteza muda. Mimi nimetoka na jibu lingine. Nadhani litamfaa mtu mwenye maumivu ya muda mrefu, au aliyepotewa na usingizi, au yule ambaye daktari amempima kila kitu halafu akamwambia "punguza mawazo" na kumwachia hapo hapo bila kumwambia mawazo yanapunguzwaje.

Kwa asiyeijua, MBSR ni kozi ya kupunguza stresi kwa kujifunza kutulia na kuwa makini na kinachoendelea mwilini na kichwani sasa hivi, bila kukihukumu. Ilianzishwa 1979 na Jon Kabat-Zinn kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, na watu wengi hawajui kwamba haikuanzia kwa watu wazima wa afya wanaotafuta utulivu wa wikiendi, ilianzia kwa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wameshawafanyia kila wanachokijua na maumivu yakabaki pale pale. Ripoti yake ya mwanzo ya 1982 ilihusu wagonjwa 51 wa namna hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi inatangazwa kama kitu cha kujiburudisha, na ukiingia na akili hiyo utaona dakika 45 za mazoezi kila siku ni adhabu.

Maana ndivyo ilivyo, dakika 45, siku sita za wiki, nyumbani kwako, mwenyewe. Juu yake mnakutana na mkufunzi mara moja kwa wiki kama masaa mawili na nusu, na kati ya wiki ya sita na ya saba kuna siku nzima ya ukimya. Sisi tulikutana kwa video, kikundi kidogo, watu wa umri tofauti na shida tofauti kabisa. Mkufunzi wetu alikuwa mtulivu na alijua kazi yake, hana mambo mengi, ukimuuliza swali asilolijua anasema halijui, na mimi mtu wa hivyo namwamini.

Wiki ya kwanza unapewa zoezi la punje moja ya zabibu kavu, unaiangalia, unaigusa, unainusa, unaitafuna taratibu mno, na najua wengi hapo ndo wanaacha kozi wakiona ni mambo ya watoto. Msiache hapo jamani. Halafu inakuja skani ya mwili ambayo kwangu ndo zoezi lenye uzito kuliko yote, unalala chali, unapeleka akili kwenye vidole vya mguu, unyayo, kifundo, goti, unapanda hivyo hivyo mpaka utosini, na ukifika sehemu inayouma hupambani nayo wala huikimbii, unakaa nayo unaangalia inauma vipi, inachoma au inavuta, imetulia sehemu moja au inatembea. Mimi shida yangu ni mgongo wa chini. Na nilichokuja kukiona ni kwamba yale niliyokuwa nayaita maumivu yalikuwa mambo mawili yamefungwa pamoja, kuna uchungu wenyewe wa mgongo, na kuna hofu ya uchungu, ile ya kesho nitaamkaje, nitafanyaje kazi, ikizidi je, na hiyo hofu inakaza misuli, misuli ikikaza uchungu unaongezeka, uchungu ukiongezeka hofu inapanda tena. Kozi imenisaidia sana kwenye hiyo hofu. Uchungu wenyewe umepungua ila upo, na mtu asikudanganye kwamba unaondoka wote.

Kuna pia mazoezi ya kujinyoosha taratibu, kutembea polepole, na kukaa ukisikiliza pumzi. Ya kujinyoosha nimeyapenda, ya kutembea polepole hayakunikolea. Siku ya ukimya ilikuwa ngumu asubuhi na nzuri sana mchana, zaidi ya hapo sina cha kueleza.

Sasa kuna watu ukiwaambia kozi ya akili imekusaidia mgongo wanajibu "kumbe ugonjwa wako ulikuwa kichwani tu", na hapo mi huwa naumia kabisa, kwa sababu hiyo kauli imewanyamazisha wagonjwa wengi wanaoteseka kweli. Uchungu ukichochewa na stresi haugeuki kuwa wa kubuni. Walter Cannon wa Harvard alishaeleza toka 1915 kwamba mwili ukitishwa unajiandaa kupigana au kukimbia, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi yake. Baadaye kidogo inafuata homoni ya kotisoli kuendeleza ile hali ya tahadhari. Hiyo yote ni nzuri kama hatari ni ya dakika chache. Ila kama hatari yako ni deni, au bosi, au ndoa ambayo kila jioni ni vita, basi ni king'ora ambacho hakizimwi, na mwili unaendelea kukiitikia miezi na miaka. Hans Selye aliwaona panya wake mwaka 1936, wakiteswa kwa namna yoyote ile, baridi, sumu, majeraha, wote walipata mabadiliko yale yale, tezi za juu ya figo zinavimba, viungo vya kinga vinasinyaa, na tumbo linapata vidonda. Hayo ni mabadiliko ya kwenye viungo vyenyewe, ukimpasua panya unayaona na kuyapima.

Na kwa binadamu je? Kuna utafiti mmoja huwa naukumbuka kila nikimwona mtu anayeuguza mzazi. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio mwaka 1995 walichukua wanawake 13 waliokuwa wanawahudumia ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao ambao hawana mzigo huo, wakawatoboa kila mmoja kidonda kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono, halafu wakasubiri. Vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9. Siku tisa! Kidonda kile kile, ngozi ya binadamu ile ile. Najua walikuwa watu wachache, lakini mimi hiyo ndo imenifanya niache kabisa kumwambia mtu anayeuguza "jikaze", maana anajikaza na mwili wake unalipa.

Mwingine ni Sheldon Cohen, yeye 1991 aliwaweka watu 394 virusi vya mafua puani kwa makusudi, wenyewe wakiwa wamekubali, na akakuta kadiri mtu alivyokuwa na stresi zaidi ndivyo uwezekano wa kuambukizwa na kuugua ulivyopanda. Kumbuka wote waliwekewa virusi. Kwa hiyo hamna anayesema mafua yanaletwa na mawazo, mafua yanaletwa na virusi, ila virusi vinakuta mwili uko katika hali gani.

Kwa hiyo msingi wa kozi uko sawa. Swali la mnunuzi ni je, kozi yenyewe inafanya kazi, au ni msingi mzuri wenye nyumba mbovu. Kwa mgongo jibu lipo na ni zuri. Mwaka 2016 ulitoka utafiti kwenye jarida la JAMA, watu 342 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu, wengine MBSR, wengine tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia, wengine wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya wiki 26, waliopata nafuu ya maana katika kufanya shughuli zao walikuwa asilimia 60.5 kwa MBSR, 57.7 kwa hiyo tiba ya kisaikolojia na 44.1 kwa waliobaki na matibabu ya kawaida. Ukizitazama hizo namba kwa makini utaona mambo mawili, kwamba inasaidia kweli, na kwamba karibu wanne kwa kumi hawakupata nafuu hiyo. Kwa wasiwasi uliopitiliza nako kuna utafiti wa 2022 wenye watu 276, MBSR ikashindanishwa na dawa inayoitwa escitalopram, na kozi haikuwa nyuma ya dawa. Hayo ni matokeo ya kuheshimu.

Ila sasa nije kwenye kitu ambacho hakikuandikwa kwenye tangazo lolote na kwangu ndo kilikuwa dawa kubwa kuliko zote. Wale watu. Kila wiki kabla ya zoezi tulikuwa tunazunguka kila mmoja anasema wiki yake imeendaje, na hamna kushauriana, hamna "pole lakini mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi", unasikilizwa tu mpaka unamaliza. Mle ndani nimemsikia mtu mzima akisema kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa kulala peke yake tangu afiwe, na wiki zilivyokwenda sauti yake ilibadilika, mpaka sura. Je ni skani ya mwili iliyombadilisha? Sidhani. Nadhani alikuwa hajasikilizwa siku nyingi.

Na hili si hisia zangu tu. Huyo huyo Cohen 1997 alirudia jaribio la mafua kwa watu 276, safari hii akahesabu mahusiano yao ni ya aina ngapi, ndoa, wazazi, marafiki, majirani, kazini, vikundi vya dini na vinginevyo, na wale wenye aina 1 hadi 3 walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 4.2 kuliko wale wenye aina 6 na zaidi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wakakusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000 na kukuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano dhaifu. Shirika la Afya Duniani nalo 2025 likasema upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kwa mwaka. Vifo, si huzuni tu. Kwa hiyo nikiona siku hizi kozi hii inakatwa katwa inageuzwa kuwa programu ya kwenye simu, dakika kumi peke yako na spika za masikioni, mi naona wametoa kile kilichokuwa kinatibu na kuacha maelekezo ya kupumua. Matoleo ya bure ya kusoma peke yako yapo, na kwa asiye na uwezo wa kulipia ni msaada mkubwa sana, ila nawaomba mtafute hata watu wawili watatu mfanye pamoja na mkutane kila wiki kuongea, hata kwa simu.

Upande wa pili ambao kozi haiugusi, na hapa nina malalamiko ya dhati, ni chanzo. Wiki zote hizo tulijifunza jinsi ya kuitikia stresi. Hatukujifunza hata siku moja kuuliza inatoka wapi na nani anaileta. Mwenzetu mmoja alikuwa anafanya kazi ya zamu ambayo ratiba inabadilishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, hapati usingizi, presha imepanda, na akaelekezwa aangalie pumzi zake wakati meseji ya bosi inaingia. Sasa jamani. Pumzi ataangalia, lakini ratiba itabaki ile ile.

Utafiti ninaoufikiria hapa ni ule wa Whitehall, London, ulioanza 1967 kwa watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Hawa wote wana ajira, wote wanakaa ofisini, hamna maskini wa kutupwa hapo, na bado ilipoangaliwa vifo vya moyo, Michael Marmot na wenzake walikuta wa ngazi ya chini kabisa wanakufa kwa zaidi ya mara 3 ya wale wa juu. Na ilikuwa ni ngazi kwa ngazi, yaani hata wa pili kutoka juu alikuwa na hali mbaya kidogo kuliko wa juu kabisa. Sigara, presha na kolesteroli zilieleza sehemu tu ya tofauti. Utafiti wao wa pili ulioanza 1985, safari hii wanawake nao wamo, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki inahusiana na mtu ana uamuzi kiasi gani juu ya kazi yake mwenyewe. Wale wasio na kauli juu ya kazi yao walipata zaidi ugonjwa wa moyo. Hiyo huwezi kuiponya kwa kulala chali na kuskani unyayo, hiyo inahitaji mtu akae na mwajiri, au chama cha wafanyakazi, au sheria. Na nikisikia kampuni inawanunulia wafanyakazi kozi ya utulivu huku ikiwaongezea mzigo wa kazi, naona inawaambia kwa upole kwamba tatizo ni wao.

Simlaumu mkufunzi, yeye anafuata mtaala. Ila mtaala ungeweza kuwa na wiki moja tu ya kukaa na karatasi, kila mtu aandike mambo yanayomkaza, halafu atenganishe yapi ni ya kuyapokea na yapi ni ya kuyabadilisha na nani wa kumsaidia kuyabadilisha. Sioni ugumu wake.

Nyingine inayonikera ni matangazo ya "inabadilisha ubongo". Habari hiyo ilitokana zaidi na utafiti wa 2011 wa watu 16 waliopita MBSR, ambapo picha za ubongo zilionyesha sehemu fulani zimeongezeka. Mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin walirudia kwa watu zaidi ya 200 kwa umakini zaidi, hawakuona mabadiliko hayo ya umbo la ubongo. Kozi ina ushahidi wa kutosha kwenye maumivu na wasiwasi, haihitaji kupambwa, na muuzaji anayeendelea kuonyesha picha za ubongo za rangi rangi mpaka leo mi ningemuuliza maswali mawili matatu kabla ya kumlipa.

Halafu la usalama, tafadhali lisomeni vizuri. Kama una maumivu mapya, damu, homa, kupungua uzito, kifua kubana, nenda hospitali kwanza, kozi baadaye. Vidonda vya tumbo vilisemwa miaka mingi kuwa ni vya watu wenye mawazo mengi, wagonjwa wakaambiwa watulie, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kuna bakteria, Marshall mpaka akawanywa mwenyewe 1984 kuthibitisha, na 2005 wakapewa Nobel. Watu wangapi walipewa ushauri wa kutulia wakati walihitaji antibayotiki? Usiache dawa za presha au sukari kwa sababu unajisikia vizuri baada ya wiki nne za kutafakari, na kama mkufunzi yeyote anakushawishi uache, ondoka hapo hapo. Pia kwa mtu aliyepitia ukatili au tukio la kutisha, kukaa kimya na mwili wako kwa dakika 45 kunaweza kufungua mambo mazito, mimi nimeona mtu akitoka katikati ya zoezi akitetemeka. Mkufunzi wetu alimruhusu afungue macho, ainuke, atembee, akaongea naye pembeni baadaye. Mkufunzi asiyejua kufanya hivyo hafai.

Kwa hiyo kama unafikiria kujiandikisha, ulizeni kikundi kina watu wangapi na muda wa kuongea ni kiasi gani, mkufunzi kasomea wapi kufundisha MBSR yenyewe na si kutafakari kwa ujumla, akishindwa mtu katikati ya zoezi anafanyaje, na baada ya wiki 8 kikundi kinaendelea au mnatawanyika. Hilo la mwisho sisi hatukuliuliza, kikaisha tu, ila wachache tuliobadilishana namba bado tunapigiana siku ile ile ya wiki saa ile ile, na yule wa zamu ameshaandika barua kwa mwajiri wake akiomba ratiba itoke wiki moja kabla, tulimsaidia kuiandika sisi wenyewe kwenye simu, anasubiri majibu. Nyota 4 kati ya 5.